Mdachi wa Bi. Mwanakheri

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye kwake hakuna daftari lililoungua wala jina lililopotea. Anamjua kila aliyezaliwa, anamjua mama yake, na anaijua bandari aliyoshukia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyetuhimiza tuzijue nasaba zetu ili tuweze kuunga udugu. Ama baada ya hayo, wanangu, kaeni vizuri, maana leo nina hamu ya kusimulia kuliko mlivyo na hamu ya kusikiliza.

Kila Ijumaa tukitoka msikitini mnaniuliza swali lile lile: "Anko Haji, hivi wewe ulikuwa ukifanya kazi gani?" Wazee wenzangu mnawajua. Huyu aliendesha basi, yule alitunza wagonjwa, wale walipakia mizigo uwanja wa ndege, na mpaka leo ndege ikipita juu ya mtaa wetu wa Hayes wanainua vichwa kutazama ni ya shirika gani. Mimi nilikuwa nikitafuta Waholanzi waliokufa. Nikisema hivyo watu husogeza viti nyuma kidogo.

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, ghorofani juu ya duka la miwani, katikati ya Landani. Walituandikia watu wa pande zote za dunia ambao mababu zao waliondoka Uholanzi kwa meli na wasirudi. Kila mmoja alitaka kujua ametokana na kijiji gani na baba gani, na kila mmoja alidhani ni kazi ya kufungua kabati na kutoa karatasi. Laiti ingekuwa hivyo! Karatasi za kale zimeliwa na panya, zimelowa, zimeungua vitani, na nyingine ziliandikwa na makarani waliokuwa na haraka ya kwenda kula. Unapewa shuka lenye matundu, unaambiwa ulifume upya, na ni haramu kuongeza uzi wako mwenyewe.

Aliyenifundisha ni Hendrika, Mholanzi aliyeolewa hapa Landani, mwenye ofisi. Mimi niliajiriwa kubeba maboksi tu. Siku moja nilimkuta anamweleza kijana mgeni kazini kwamba zamani Waholanzi wengi hawakuwa na jina la ukoo: mtu akiitwa Jan mwana wa Pieter, mwanawe ataitwa Pieter mwana wa Jan, na mjukuu atakuwa kitu kingine tena. Kijana alikuwa anajikuna kichwa. Nikasema, boksi likiwa bado begani, "Kumbe ni Jan bin Pieter."

Hendrika akageuka. "Bin ni nini?"

"Mwana wa. Mimi mwenyewe ni Haji bin Makame bin Haji. Kwetu Unguja ukiniuliza jina la ukoo, nitakuuliza ukoo gani."

Akapiga meza kwa kiganja. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Hapo chini. Nabeba maboksi."

Msinisifu mapema. Kazi ya kwanza aliyonipa niliiharibu vizuri sana. Nilimtafuta Willem fulani, nikampata kabatizwa, nikampata kaoa, nikamwandikia mteja barua ya furaha. Hendrika akaisoma, akaniuliza, "Umemtafutia kaburi?" Sikuwa nimemtafutia. Tukarudi kwenye vitabu, tukakuta yule Willem wangu alifariki akiwa mchanga, na mtoto aliyefuata akapewa jina lile lile, kama ilivyokuwa desturi yao. "Hongera, Haji," akasema. "Umemwoza marehemu." Tangu siku ile nikawa na kanuni, nami nawarithisheni: kwanza mzike, ndipo umwoze. Yaani hakikisha mtu hakufa kabla hujampa mke na watoto.

Kanuni nyingine: ukikwama kwa mwanamume, mfuate dada yake. Wanaume wanakwenda baharini, wanatoroka jeshini, wanabadili majina. Dada anabaki. Mama akifiwa na mume huhamia kwa binti, na akihama anahama na habari zake.

Na ya tatu aliisema Hendrika siku niliyokata tamaa mbele ya rafu tupu: "Karatasi iliyoungua haisemi uongo, Haji. Iliyobaki ndiyo ya kuichunga." Mimi niliyesomeshwa Kurani chuoni kwa Maalim Khatibu niliielewa mara moja. Maalim alikuwa hapokei habari mpaka ajue nani kamsimulia nani, na huyo kasikia kwa nani, mpaka mwanzo wa mnyororo. Ukimwambia, "Nimesikia kesho hakuna chuo," anauliza, "Kwa nani? Naye kwa nani?" Ukikatika mnyororo unakwenda chuoni kama kawaida. Swali hilo, "naye kwa nani?", limenilisha mimi na wanangu katika nchi hii.

Kicheko pia kilikuwepo. Waholanzi wana jina moja la ukoo ambalo maana yake ni Aliyezaliwa-Uchi. Bibi mmoja mwenye mikufu mingi alilipia utafiti mrefu, akatuomba tumtafsirie jina la babu yake ili alichonge kwenye ukuta wa sebule. Hendrika alinisukumia mimi simu. Nikamwambia, "Bibi, ni jina la unyenyekevu mkubwa."

Sasa nije kwenye habari niliyokusudia. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Hendrika alikuwa amekwishastaafu, karatasi nyingi zimeingizwa kwenye kompyuta, na wateja wanafika na simu mkononi wakidhani wamenitangulia. Akaja Nasra. Mnamjua Nasra, muuguzi, yule mwenye sauti ya kuamsha wodi. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini akikisema kinachechemea. Alikuwa mjamzito.

"Anko," akasema, "bibi yangu, babu yake yeye alikuwa Dutch."

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Anasema siku zote. Mdachi. Dachi, Dutch."

Nilicheka mpaka nikavua miwani. "Mwanangu, Mdachi ni Mjerumani! Muulize mzee yeyote wa pwani. Mholanzi ni Mholanzi."

"Lakini inafanana kabisa!"

"Hata paka na pakacha vinafanana."

Hakucheka. Akaniambia jambo lililomleta. Baba yake, Salim, kabla ya kufariki alimwomba kitu kimoja: mtoto wa kwanza wa kiume aitwe Yusufu, jina la huyo mzee aliyeanzisha ukoo wao. Nasra alimwahidi. Sasa tumbo limekua, picha za hospitali zimeonyesha mtoto wa kiume, na bibi yake, Bi. Mwanakheri, mama mzazi wa huyo Salim, amesema kauli moja asiyoirudi: "Ukimwita jina la Mdachi yule, mimi simshiki."

"Amenilea yeye, Anko," Nasra akasema. "Asipomshika mtoto wangu, nani atamshika? Na nikimwita jina lingine, baba yangu nitamwambia nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba ofisi yetu inatafuta Waholanzi tu. Nikapanda treni kwenda kwa bibi yake, Woolwich, upande wa pili wa Landani.

Bi. Mwanakheri alinipokea kwenye kiti chake karibu na hita, kanga mbili, miwani mizito, nyumba yenye harufu ya iliki. Amenizidi umri kwa mbali.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye mfukua makaburi?"

"Ndiye mimi."

"Kaa. Lakini viatu umevua?"

Akanihadithia. Alizaliwa Tanga, Mjerumani amekwishaondoka, Mwingereza ndiye mtawala. Lakini viboko vya Mdachi vilikuwa bado migongoni mwa wazee, na wajukuu wa waliochapwa ndio aliosoma nao chuoni. Babu yake, Yusufu, alikuwa mzungu aliyesilimu, akaoa pale, akafa kabla yeye hajazaliwa. Mji mzima ulimwita Mdachi. Basi kila akitoka chuoni watoto walimfuata nyuma: "We mjukuu wa Mdachi, kiboko umekificha wapi? Tuonyeshe kiboko!"

"Nikamuuliza baba yangu, Yakubu, fundi seremala, mtu mpole. 'Baba, huyo baba yako alichapa watu?' Akaendelea kupiga randa. Nilimuuliza nikiwa mdogo, nikamuuliza nikiwa mke wa mtu. Amekufa hajanijibu. Mtu asiye na la kuficha si angesema hapana?"

Nikafungua daftari langu.

"Mimi nataka kujua kabla sijaondoka duniani," akasema. "Lakini sikiliza, Haji. Habari ikiwa njema, nipigie simu. Ikiwa ni mchapaji kweli, usiniambie kwa simu. Njoo mwenyewe, unikalishe."

Nikamwahidi.

Basi nikaanza kutafuta Mjerumani, kwa kuwa mimi ni Mswahili na Mdachi najua ni nani. Rafiki yangu mmoja anayeshughulika na kumbukumbu za Kijerumani alinisaidia. Tulipitia askari, maofisa, wenye mashamba ya mkonge, wamisionari, hata waliokufa kwa homa. Hakuna aliyekaa sawa. Na jina nalo lilikuwa ukuta: aliandikwa Yusufu bin Abdallah. Nyinyi mliosoma mnajua, mtu akisilimu huitwa mwana wa Abdallah, mwana wa mja wa Mungu. Ni heshima kubwa mbele ya Mola, lakini kwa mtafuta nasaba ni mlango uliozibwa kwa matofali.

Nikarudi Woolwich mikono mitupu. Mlango ulikuwa wazi, nyumba imejaa wanawake na vicheko, kwani jirani wa chini, Mpemba, alikuwa amejifungua usiku ule. Bi. Mwanakheri akaniita tokea kitini, "Haji! Umekuja na heri. Karibu ule panya!"

Nikadhani masikio yangu yamezeeka. "Nile nini, Bi mkubwa?"

"Panya! Kwani hujala panya wewe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nasra akatoka jikoni na sinia. "Vipanya, Anko. Kwetu mtoto akizaliwa lazima."

Juu ya sinia kulikuwa na vipande vya mkate uliokaushwa kwenye oveni mpaka ukalia kama biskuti, umepakwa samli, na juu yake shamari iliyovishwa sukari, nyeupe na nyekundu ya kupauka. Kila punje ina kijimkia.

Wanangu, nilikitazama kile kipande nikasikia nywele za mikono zinasimama. Hendrika alinilisha kitu hicho hicho siku alipozaliwa mjukuu wake. Mkate mkavu, siagi, na mbegu za sukari zenye mikia, ambazo Waholanzi, na sijapata kusikia watu wengine, huziita vipanya. Mtoto akizaliwa kwao, mgeni hatoki bila kula panya.

"Nani kawafundisha hiki?" Sauti yangu ilikuwa imepanda.

"Mama yangu," akasema Bi. Mwanakheri.

"Naye kwa nani?"

"Kwa mkwewe. Bibi mzaa baba."

"Naye kwa nani?"

Akafikiri. "Kwa mumewe. Yule. Alipozaliwa baba yangu aliingia jikoni mwenyewe, mwanamume mzima, wanawake wakamcheka. Akasema kwao mtoto hazaliwi bila panya."

"Kwao!" Nikasimama na sahani. "Amesema kwao!"

"Haji, utamwaga panya kwenye zulia."

Nasra alikuwa ananitazama na mkono kiunoni, tumbo mbele. Akasema polepole, kwa raha kabisa, "Kwa hiyo... Dutch."

Wallahi aliniweza! Wazee wote tunaojivunia lugha yetu tulisikia Mdachi tukaona Mjerumani. Aliyesikia sawa ni mtoto asiyejua Kiswahili. Nadhani mabaharia Waingereza aliosafiri nao ndio walimwita Dutch, naye akashuka Tanga na jina hilo mdomoni, mji unaotawaliwa na Wajerumani. Angejiitaje aeleweke vingine? Nasema nadhani, kwa sababu hapo karatasi zimenyamaza.

Nikampigia Hendrika pale pale, nikiwa kwenye ngazi. "Hendrika, nimekula vipanya Woolwich."

"Kwa Mholanzi gani?"

"Kwa bibi wa Tanga."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha ikaja ile sauti yake ya ofisini: "Watoto wa huyo mzee waliitwa nani? Kwa mpangilio, Haji. Kwa mpangilio!"

Nikarudi ndani kuuliza. Wa kwanza Yakubu. Wa pili binti, kapewa jina la mama wa mkewe. Wa tatu binti tena, Sara.

Hapo muelewe. Mholanzi wa zamani alimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la baba yake, na mabinti wakapokea majina ya bibi zao wa pande mbili. Tofauti na sisi ni ndogo sana. Sasa huyu bwana amesilimu, ameoa Tanga, hawezi kumwita mwanawe Jacob. Lakini Yakubu anaweza! Na Sara ni Sara, kwao na kwetu. Alikuwa amewaficha wazazi wake wawili ndani ya wanawe, mahali ambapo moto haufiki. Na jina lake mwenyewe? Bi. Mwanakheri akakumbuka kwamba bibi yake alipomtaja mumewe hakusema Yusufu. Alisema Yosti. Wenyewe wanaandika Joost, na ndivyo wanavyolitamka.

Joost, mwana wa Jacob na Sara. Nikaruka kama mtoto aliyepewa mpira.

Nilipata akina Joost kadhaa. Nikawazika mmoja mmoja, kama kanuni inavyotaka: huyu kafa udogoni, huyu kafa mzee kijijini kwake, huyu hakuwahi kuona bahari. Akabaki mmoja, wa mji wa bandari kusini magharibi mwa Uholanzi, na mji huo, subhanallah, jumba lake la kumbukumbu liliungua vitani. Cheti cha kuzaliwa hakuna, cha ubaharia hakuna. Jina nililipata kwenye mabaki ya kitabu cha kanisa, na ukurasa uliofuata ulikuwa mkaa.

Nasra alikuwa akinipigia kila jioni. "Anko, mtoto hangoji."

Basi nikakumbuka kumfuata dada. Kitabu kile cha kanisa kilimtaja dada yake Joost, Neeltje, naye nilimkuta kaolewa mji wa jirani ambao haukuungua. Na nikawaza kama mwanachuo wa Maalim Khatibu: kijana akipotea baharini, ni wapi lazima atajwe hata kama hayupo? Kwenye mirathi! Sisi tunamwita mafkudi, mrithi asiyejulikana alipo. Hafutwi, fungu lake linawekwa. Nikasema, Waholanzi nao wana sheria. Kama mama Sara alihamia kwa Neeltje akafia huko, warithi waliandikwa.

Walikuwa wameandikwa. Neeltje, mke wa fulani. Na chini yake: Joost, seremala wa meli, yuko pwani ya Afrika ya Mashariki, ameoa huko, anuani haijulikani.

Nilipaza sauti ndani ya chumba cha kusomea. Nilisema Allahu Akbar, na mnajua wenyewe neno hilo lilivyo siku hizi katika jumba la serikali. Mlinzi akaja mbio. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta nikamwambia, "Seremala!" Akanitazama sana, akasema hongera, akaniomba nikae.

Hata hivyo sikukimbilia Woolwich. Maseremala wa Kiholanzi walikuwa wengi, na pwani ni ndefu. Nasra alikuwa amekwishanunua kile kichupa cha kutemea mate, kinachopelekwa maabara kutafuta ndugu wa damu. Siku zetu hakikuwepo. Kumshawishi Bi. Mwanakheri ilikuwa kazi kuliko zote.

"Mate yangu yaende posta?"

"Ndiyo, Bibi," Nasra akasema.

"Yakasomwe na nani?"

"Na mashine."

"Leo Jumatatu, nimefunga. Sina mate. Rudi magharibi."

Akafuturu, akatema. Majibu yalipokuja, miongoni mwa ndugu walioonekana alikuwepo mzee mmoja wa Kiholanzi, fundi baiskeli mstaafu. Nikamwandikia kumuuliza bibi yake mzaa baba alikuwa nani. Akajibu siku ile ile: Neeltje. Na akaongeza bila kuulizwa kwamba nyumbani kwao watoto waliambiwa kuna mjomba seremala aliyekwenda Afrika akapotea.

Mnyororo ulikuwa umekamilika, kitanzi kwa kitanzi. Furaha ikanipeleka mbio kituoni, Hayes mpaka Woolwich treni moja, nami nimesimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Nikabisha hodi. Bi. Mwanakheri akafungua mwenyewe, akaniona, na uso wake ukaanguka.

"Hukupiga simu," akasema.

Ndipo nikakumbuka ahadi yetu. Ewe Haji! Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

"La, Bi mkubwa, la! Ni njema. Nimesahau tu. Ni njema!"

"Nikalishe kwanza."

Nikamkalisha. Nikamweleza yote, tangu Sara mpaka fundi baiskeli. Mholanzi, si Mjerumani. Seremala wa meli, si askari. Alisikiliza bila kupepesa.

"Fundi naye anaweza kuchapa watu," akasema.

"Kweli. Siwezi kuapa kwa kila siku ya maisha yake, na karatasi nyingi zimeungua. Nakupa nilichokipata tu. Lakini na mimi nina swali. Baba yako kazi ya randa alifundishwa na nani?"

"Na baba yake. Nani mwingine?"

"Baba yako alipiga randa kila ulipomuuliza."

Akavua miwani. Nadhani alikuwa anamsikiliza baba yake. Mzee Yakubu labda alijibu kila siku kwa chombo alichoachiwa na baba yake, labda alichoka tu. Hilo nalo karatasi hazisemi.

"Huyo mama Sara," akauliza mwisho. "Alijua mwanawe yuko hai?"

"Waliandika kwamba ameoa. Fungu lake liliwekwa."

Akatikisa kichwa, akaanza kulia, machozi ya taratibu. Kisha akasema jambo ambalo mimi, mwanachuo, mtafuta nasaba wa miaka yote ile, sikuliona.

"Yusufu mwana wa Yakubu," akasema. "Haji, hukusikia? Bin Abdallah walimpa watu. Yusufu kalichagua mwenyewe. Mtoto aliyepotea kwa Yakubu, wakamlilia mpaka macho yakafifia, kumbe yuko nchi ya mbali, mzima. Alikuwa anatwambia. Alituambia siku aliyosilimu, na sisi tunamwita Mdachi."

Nasra alijifungua salama, alhamdulillahi. Siku ya saba tulikusanyika Woolwich kwa akika, karamu ya kumpa mtoto jina, nyumba imejaa mpaka kwenye ngazi. Yule fundi baiskeli alikuwa ametuma boksi la vipanya vya kwao, vya dukani, vyenye picha ya mtoto juu. Bi. Mwanakheri akaonja punje tatu, akafikiri.

"Vyao vimezidi sukari," akatoa hukumu. "Lakini ni panya."

Kisha akanyoosha mikono. Nasra alisita, maana mtoto alikuwa bado hajaitwa jina mbele ya watu, na kauli ya bibi yake ilikuwa haijafutwa kwa kauli. Bi. Mwanakheri akamchukua, akamlaza juu ya mapaja, akamfungulia kitambaa usoni. Akamwinamia.

"Yusufu," akamwambia. "Umeonekana, mwanangu. Walikuwa wanakutafuta."

Wanangu, nimestaafu na kazi ile, wala sikuwa na tamaa ya nyingine baada yake. Nawaombeeni nyote mnaosikiliza maneno haya: Mwenyezi Mungu azihifadhi nasaba zenu hata pale karatasi zitakapokosekana, awape wa kuwauliza "naye kwa nani?" wangali hai na meno ya kuwajibu, awarudishe kwa mama zao wote waliopotea, na siku tutakapoitwa kwa majina yetu na ya baba zetu, asikosekane hata mmoja wetu wa kuitika. Amin.